Mche Ulionyauka: Kuung'oa au Kuusubiri?

Mvua za msimu za Dodoma na Singida zina tabia ambayo kila anayelima kule anaijua. Huanza kwa kishindo mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, shamba likaota, kisha mbingu zikafunga. Siku kumi, wiki mbili, mwaka mbaya wiki tatu, jua linawaka juu ya mahindi yenye majani manne. Ng'ambo ya mpaka, Makueni na Kitui nchini Kenya, kisa ni kilekile kwenye mvua za Oktoba hadi Desemba. Hapo maneno huanza. Mwenye duka la pembejeo anasema mahindi yamekwisha, chukua mbegu nyingine urudie. Mzee wa shamba la pili anasema yaache, mahindi yana roho ngumu. Afisa ugani anakumbusha kwamba alishasema mtama. Redioni mtaalamu anasifu mbegu zinazostahimili ukame, na msikilizaji anautazama mfuko mtupu wa mbegu hizohizo asijue aamini lipi.

Kila mmoja kati ya hawa ana ukweli mkononi, ila wanajibu maswali tofauti. Lipo swali la kama mche utabaki hai. Lipo la kama utarudi kukua mvua zikirejea. Na lipo la kama utazaa kabla msimu haujafunga. Mche unaweza kufaulu mawili ya mwanzo ukafeli la tatu, shamba likasimama kijani hadi Aprili na ghala lisione kitu. Ushauri usiosema unajibu lipi kati ya hayo matatu ni wa kubahatisha, hata ukitoka kwa mwenye shahada.

Kiu inavyoingia ndani ya mche

Kitu cha kwanza kusimama mche unapopungukiwa maji ni kurefuka kwa majani. Seli changa hutanuka kwa sababu maji yaliyomo yanasukuma kuta zake kutoka ndani. Msukumo ukishuka kidogo tu, kutanuka kunakoma, hata kabla jani halijaonyesha dalili yoyote machoni. Shamba lililokaa siku tano bila kuongeza kimo, ingawa ni la kijani na limesimama wima, tayari liko kwenye kiu. Usanisinuru huendelea kwa muda, na sukari inayokosa matumizi juu huelekezwa chini. Mizizi ina uwezo ambao majani hayana: huendelea kurefuka katika udongo mkavu kiasi cha kusimamisha jani kabisa. Robert Sharp, Wendy Silk na Theodore Hsiao walilionyesha hilo kwa kupima mizizi ya miche ya mahindi na kuchapisha matokeo mwaka 1988. Kwa hiyo kiu ya kiasi, ikija polepole, huujenga mche chini huku ikiuzuia juu.

Hatua inayofuata ni kufunga milango. Mche hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, iliyogunduliwa miaka ya 1960. Vipokezi vyake ndani ya seli havikujulikana hadi mwaka 2009, timu mbili za watafiti zilipovitangaza karibu kwa wakati mmoja. Homoni hii huamuru stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, zijifunge. Maji hayatoki tena. Lakini ni vitundu hivyohivyo vinavyoingiza kaboni dioksidi, malighafi ya chakula cha mmea, na ni mvuke unaopita hapo unaolipoza jani. Mche uliojifunga umeokoa maji kwa kujinyima chakula na kukubali joto. Mahindi hupunguza gharama hiyo kwa kukunja majani yawe kama mirija, ili jua lipate eneo dogo la kupiga. Ndani ya seli, sukari na asidi amino iitwayo prolini hurundikwa ili kuyashika maji yaliyobaki.

Kiu ikiendelea, mambo hubadilika kutoka kujinyima hadi kuumia. Mwanga unaoendelea kulipiga jani lisilofanya kazi huzalisha aina kali za oksijeni zinazochoma utando wa seli. Na maji yanayopanda kutoka mizizini, ambayo husafiri yakiwa yamevutwa kama uzi, hufika mahali yakakatika: hewa inaingia kwenye mshipa na sehemu hiyo haipitishi tena, sawa na mrija wa soda uliotoboka. Mvua ikinyesha baada ya hapo inaweza kuulowesha udongo wote bila jani kupata tone.

Mkulima asiye na kifaa anaweza kutofautisha hatua hizi kwa saa moja ya siku. Majani yaliyojikunja saa nane mchana hayasemi mengi. Mahindi hufanya hivyo hata kwenye udongo wenye maji kama jua ni kali. Yakifunguka kabla ya alfajiri, mche bado unavuta maji usiku na kujaza upungufu. Yakikutwa yamejikunja alfajiri, udongo unaozunguka mizizi umefika mwisho wa kutoa. Mwaka 1912, Lyman Briggs na Homer Shantz wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichapisha vipimo vya unyevu wa udongo ambao miche ya mimea mingi hunyauka isiweze kuinuka bila maji mapya. Walitarajiwa kukuta mimea ya jangwani ikivuta zaidi ya mingine. Walikuta tofauti ndogo mno. Matokeo hayo bado yana uzito katika mjadala wetu: zao linaloshinda ukame mara nyingi halina nguvu ya pekee ya kunyonya, bali limefika kwenye udongo ambao jirani yake hajaufikia, au limetumia taratibu kile ambacho jirani amekimaliza.

Kupona nako kuna ngazi mbili, na watu wengi huona ya kwanza tu. Baada ya mvua, majani hujaa maji kwa saa chache au kwa usiku mmoja, na shamba linaonekana limefufuka. Stomata huchelewa zaidi kufunguka, na mitambo ya usanisinuru iliyoharibika huhitaji siku kadhaa kutengenezwa upya. Kwenye kiu kali haitengenezwi: jani linaachwa life na mche unaanza kujenga jipya kwa akiba iliyopo. Kama akiba imeisha, hakuna cha kuanzia.

Siku za kuzaliwa ndizo za hatari

Mbegu kavu ni kiumbe cha ajabu. Inaweza kupoteza karibu maji yake yote na kukaa hivyo miaka. Hata ikishalowa na kuanza kuamka, ikikauka tena kabla mzizi haujachomoza, nyingi huokoka bila hasara kubwa. Desturi ya kuloweka mbegu usiku mmoja, kuzianika kidogo na kuzipanda, ambayo David Harris na wenzake waliijaribu kwa wakulima wa India na Zimbabwe, inategemea ukweli huo. Lakini mzizi ukishatoka na kuanza kurefuka, uwezo ule unapotea, na mmea hautaupata tena hadi utakapotengeneza mbegu zake wenyewe. Mimea michache sana duniani hubaki nao ikiwa mikubwa, ile inayokauka kama kuni na kurudi kijani mvua ikinyesha, ambayo Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town ameitafiti kwa miongo. Mahindi hayamo.

Kutokana na hilo, mvua mbaya kuliko kutonyesha ni mvua ndogo. Manyunyu yanayolowesha sentimita nne za juu yanatosha kuitoa mbegu kwenye usalama wake na hayatoshi kuilea. Wanaopanda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua hukwepa mtego huu kwa kufukia kwa kina zaidi, ili manyunyu yasifike na mvua ya kweli ifike. Faida yao ni kubwa msimu ukiwa mfupi, maana hawapotezi tone la mwanzo. Hasara yao ni mchwa, panya na ndege wanaokula mbegu inayongoja, pamoja na udongo unaoganda juu na kuzuia chipukizi. Ni kamari, ila yenye hesabu.

Baada ya kuota, mche huishi kwa akiba ya mbegu hadi majani mawili au matatu. Mbegu kubwa hapa ina heri. Kisha kinachoamua ni mahali ncha ya ukuaji ilipo. Kwenye mahindi, ncha hiyo hubaki chini ya uso wa udongo hadi mche ufikie majani matano au sita yaliyofunguka kikamilifu, yaani kama wiki tatu hadi nne baada ya kuota. Mtama vilevile huificha ncha yake kwa takriban mwezi wa kwanza. Kunde na maharage huipandisha juu siku ya kwanza, kati ya vipande viwili vya mbegu vinavyotoka ardhini pamoja nayo. Mbaazi huacha vipande hivyo udongoni, na macho ya kuchipua yakabaki nayo chini.

Hoja ya wanaosema tusubiri

Mzee wa shamba la pili ana biolojia upande wake. Mahindi ya majani manne yaliyoungua hadi chini yanaweza kuwa na ncha nzima, nyeupe na ngumu, ikisubiri sentimita mbili chini ya udongo. Majani yale madogo mchango wake katika mavuno ni mdogo. Hata mche ambao haukuona ukame wowote huyaangusha unapokua. Tena, mahindi hayajaanza kupanga ukubwa wa gunzi kwa namna ya kudumu katika umri huo. Kiu ya wiki mbili kwenye mche mchanga huumiza mavuno kidogo kuliko kiu ya wiki hiyohiyo mbili wakati wa kutoa mbelewele na nywele, ambapo punje nzima hukosekana. Na kama tulivyoona, kiu ya polepole husukuma mizizi chini.

Kunde zinatoa somo la kina zaidi kuhusu kusubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, kaskazini mwa Nigeria walipanda miche ya kunde kwenye masanduku ya mbao yenye udongo wa kina kifupi, ili tofauti za mizizi mirefu zisiwachanganye, kisha wakaikatia maji. Mbegu zilizostahimili ziligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisimamisha ukuaji wote mara moja, likagawana unyevu mwili mzima, na likachelewa kufa kwa pamoja. Kundi la pili liliendelea kukua pole, likiyatoa sadaka majani ya chini na kuyavuta maji yake kupeleka kwenye ncha. Hili la pili lilionekana baya kwa macho, majani ya chini yakiwa makavu, huku likiwa limelinda kile kinachohitajika ili kupona. Mtu anayehukumu shamba kwa rangi ya majani angeling'oa kwanza.

Udhaifu wa hoja ya kusubiri uko chini ya ncha ileile inayotumainiwa. Mahindi yana seti mbili za mizizi. Ya kwanza hutoka kwenye mbegu na hulea mche kwa wiki chache tu. Ya pili, ambayo ndiyo itakayobeba mmea hadi mavuno, huota kwenye vifundo vya shina vilivyo kama sentimita mbili chini ya uso wa udongo, na hukaa hapo hata mbegu ikiwa imefukiwa sentimita saba. Mizizi hii inapochomoza ikakuta udongo wa juu umekauka na moto, ncha zake hufa papo hapo. Mche unabaki ukining'inia kwenye mizizi ya utotoni iliyo chini zaidi, ukiwa kijani, ukidanganya, hadi upepo wa kwanza uulaze. Mvua ikirudi upesi, vifundo vya juu hutoa mizizi mingine, na kupandishia udongo shinani ungali na unyevu husaidia sana. Mvua ikichelewa, kusubiri kumempotezea mkulima muda bila kumpa mche.

Mtama, pamoja na sifa zake zote, una udhaifu huohuo kwa ukali zaidi mwanzoni. Mbegu yake hutoa mzizi mmoja tu, wakati mahindi hutoa mkuu na mingine kadhaa pembeni. Mtama uliokosa unyevu wa juu wakati wa kutoa mizizi ya vifundo umesimama kwenye uzi mmoja. Ukali wa mtama dhidi ya ukame huonekana ukishashika, jambo ambalo vipeperushi havisemi.

Hoja ya wanaosema tupande upya

Hoja hii hutazamwa kwa shaka kwa sababu mara nyingi hutolewa na muuza mbegu. Shaka hiyo ni ya haki, lakini hoja yenyewe isitupwe pamoja na msemaji wake. Shamba lenye miche mitano kwa kila ishirini iliyotarajiwa haliwezi kulipa gharama ya palizi. Magugu hayasubiri. Na mahindi, kinyume na mtama unaotoa machipukizi ya pembeni kujaza nafasi, hayana uwezo mkubwa wa kufidia pengo.

Ubaya unaanza pale kupanda upya kunapofanywa haraka. Shamba lililopungua nusu ya miche halijapoteza nusu ya mavuno, kwa kuwa kila mmea uliobaki hupata maji, mbolea na mwanga wa aliyekufa. Majaribio mengi ya eneo la mahindi la Marekani yameonyesha hivyo, na kwenye ardhi kame, ambako maji ndiyo yanayogombewa zaidi, mantiki ni ileile. Upande wa pili wa mizani kuna kalenda. Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mahindi yaliyorudiwa katikati ya Januari yatatoa mbelewele Machi ikielekea mwisho, na kama mvua zitakatika mapema, yatakuwa yamekwepa ukame wa utotoni ili kukutana na ule wa uzazi, ulio mbaya zaidi. Mkulima aliyelipa mbegu mara mbili anaweza kuvuna kidogo kuliko aliyebaki na nusu shamba.

Kurudishia mbegu kwenye mapengo tu kunaonekana ni njia ya kati, na ndiyo inayopendwa. Kwa mahindi ni njia dhaifu kuliko zote. Mche unaoota ukiwa nyuma ya wenzake kwa majani mawili au zaidi hufunikwa kivuli, hunyang'anywa maji, na mara nyingi humaliza msimu bila gunzi. Mchango wake shambani ni kama wa gugu. Pengo la mahindi ni afadhali lijazwe kunde au choroko, zinazokomaa upesi na kuvumilia kivuli cha kiasi, kuliko kujazwa mahindi.

Hoja ya kubadili zao au mbegu

Serikali za Tanzania na Kenya zimehimiza mtama na uwele kwenye maeneo makame kwa miongo mingi, na kwa kipimo cha uhakika wa kupata chochote, ushauri huo ni sahihi. Mbegu za mtama kama Macia na uwele kama Okoa zimezoea maeneo hayo. Wakulima wanaoupuuza si wajinga. Mtama unataka mtu wa kufukuza kwelea kwelea kuanzia alfajiri wiki kadhaa, soko lake hupanda na kushuka, na ugali wake haupendwi na kila nyumba. Gharama hizo ni za kweli na huangukia wanawake na watoto zaidi.

Kuhusu mbegu za mahindi, mkanganyiko ni wa aina nyingine. Mbegu za jamii ya Katumani, zilizotengenezwa Machakos, hushinda kwa kukimbia: hukomaa mapema kabla mvua hazijaisha. Mche wake wa wiki mbili hauna silaha ya pekee. Mbegu za WEMA, mradi wa kutafuta mahindi yanayostahimili ukame Afrika, ulioanza mwaka 2008 na kuzaa chapa ya DroughtTEGO, zilichujwa kwa kukatiwa maji kwenye vituo kama Kiboko huko Makueni, lakini uchujaji wa aina hii kwa kawaida hulenga wakati wa mbelewele na kujaza punje, kwa sababu huko ndiko mavuno hupotelea. Tawi la mradi lililotumia mahindi yaliyobadilishwa jeni lilifika Makutupora, Dodoma, ambako jaribio la shambani lilianza Oktoba 2016 na kusimamishwa na serikali mwezi Novemba 2018. Mabishano ya kisiasa juu ya jeni yalifunika swali dogo lililomhusu mkulima moja kwa moja: ustahimilivu ulioandikwa kwenye mfuko ni wa umri gani wa mmea? Mnunuzi anayeona mahindi hayo yakifa yakiwa na majani manne hudhani ametapeliwa. Inawezekana kabisa mbegu ni halali na ahadi yake ilihusu mwezi wa tatu wa umri wa mmea.

Je, mche ulioonja shida huwa mkakamavu?

Imani hii ni ya kale kwenye vitalu vya miti, na sayansi ya karibuni imeipa heshima mpya. Mwaka 2012, Yong Ding, Michael Fromm na Zoya Avramova wa Nebraska walionyesha kwamba mmea mdogo wa maabara, arabidopsis, ukikaushwa na kumwagiliwa mara kadhaa, hupoteza maji polepole kuliko ule unaokauka mara ya kwanza, na baadhi ya jeni zake huitikia kwa nguvu zaidi. Kumbukumbu ilidumu siku tano za kupata maji. Baada ya siku saba ilikuwa imepotea. Wanaotetea kukomaza miche hunukuu sehemu ya kwanza na kusahau ya pili. Mwaka 2016 Peter Crisp na wenzake wa Australia walitoa hoja ya kinyume: kwa mmea, kusahau huenda ndiyo busara kubwa zaidi, kwa kuwa kuishi kwa tahadhari wakati maji yapo ni kupoteza ukuaji. Hoja zote mbili zinasimama, kila moja kwa hali yake ya hewa. Palipo na ukame wa kujirudia kila baada ya siku chache, kumbukumbu inalipa. Palipo na wiki tatu kavu na miezi miwili ya mvua, aliyesahau upesi hukua zaidi.

Kwenye miti, suala hili limekuwa la kitaifa. Kenya ililenga miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa siku ya mapumziko ili watu wapande. Nchini Tanzania, kila halmashauri inatakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Takwimu zinazotangazwa ni za iliyopandwa. Mche wa mti hufa kiangazi cha kwanza kwa njia ambazo wanasayansi bado wanazijadili tangu Nate McDowell na wenzake walipozipanga mwaka 2008: ama mishipa ya maji inakatika haraka, ama mche uliofunga stomata kwa miezi unakufa njaa taratibu. Mche mdogo wenye akiba kidogo na mzizi mfupi unakabili vyote viwili.

Desturi ya vitaluni ni kupunguza maji na kivuli wiki kadhaa kabla ya kupanda, na kukata mizizi inayotoboa viriba. Mche unatoka mfupi, majani machache na magumu, mizizi mingi kwa uwiano. Hoja yake ina nguvu. Lakini watafiti wa Hispania, wanaorejesha misitu penye kiangazi kikali cha Mediterania, wamekuta mara nyingi kwamba mche mkubwa uliolishwa vizuri huishi zaidi ya ule mdogo uliosumbuliwa, kwa kuwa hutumia mvua za mwanzo kuteremsha mzizi upesi kabla udongo haujakauka. Inaelekea kila upande uko sawa kwa ardhi yake. Penye miezi miwili ya unyevu baada ya kupanda, mche wenye nguvu hushinda. Mahali ambapo mvua inaweza kukatika wiki ya pili, majani mengi ni mzigo. Kinachowaangusha wote ni mche uliozidisha umri kwenye kiriba, mzizi ukajizungusha kama springi ya kitanda na haushuki tena. Kampeni zinazopandisha miche kwa tarehe ya sherehe, bila kujali mvua imefikia wapi, huzalisha miche ya namna hiyo kwa wingi.

Wapo wanaosema mjadala wote wa miche ya miti unakosea mlango. Mradi wa Kisiki Hai wa LEAD Foundation na Justdiggit huko Dodoma unafuata njia ambayo Tony Rinaudo aliieneza Niger tangu miaka ya 1980: kuchagua machipukizi ya visiki vilivyopo, kupogoa na kulinda. Kisiki kina mzizi wa miaka mingi, kwa hiyo kimeshapita mtihani ambao mche haujaufanya. Kwa gharama na uhakika, sioni njia ya kupanda inayokishinda pale visiki vilipo. Pale ardhi ilipolimwa hadi mizizi ikaisha, au inapotakiwa aina mpya kama mwembe au mukau bora wa Kitui, hakuna budi kurudi kwenye mche.

Hoja zikiwekwa kwenye mizani

Kwa shamba la mahindi, naona mzee wa kusubiri ana haki zaidi kuliko muuza mbegu, kwa sharti kwamba kusubiri kuwe ni kukagua. Kwanza ihakikishwe kuwa ni jua lililofanya hivyo. Sota hukata shina usiku, mchwa hufurahia mche uliodhoofika, na viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu muda mfupi baadaye, hushambulia hasa wakati mvua imekatika. Udongo wa kichanga usio na matandazo nao unaweza kupita nyuzi 50 za joto adhuhuri na kuunguza shina pale linapogusana na ardhi, huku mizizi ikiwa kwenye unyevu. Kwa yote hayo mbegu mpya itakufa kama ile ya kwanza.

Kisha ichimbwe miche kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za shamba, juu ya mteremko na bondeni, na shina lipasuliwe kwa wembe. Ncha nyeupe na ngumu iko hai. Ya kahawia na laini imekwisha. Itazamwe pia mizizi ya vifundo, kama ipo na kama ncha zake ni nyeupe. Mvua ikirudi, siku tatu hadi tano zinatosha kuona jani jipya likichomoza katikati. Ikiwa nusu ya miche iko hai na imesambaa sawasawa, hesabu karibu daima inapendelea kuibakiza. Ikiwa chini ya robo, au iliyobaki imekusanyika kona moja, kupanda upya ni sahihi, na swali linahamia kwenye nini cha kupanda.

Hapo ndipo afisa ugani anapopata haki yake, ingawa kwa kuchelewa. Baada ya katikati ya Januari, kurudia mahindi ya siku 120 nchi ya Dodoma ni kujitafutia hasara. Uwele, kunde, choroko au mtama wa muda mfupi una nafasi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa kabla ya msimu utabiri unaotaja mvua zinatarajiwa kuanza lini na kuisha lini kwa kila kanda. Wakulima husikiliza tarehe ya kuanza kwa masikio yote mawili. Kwa uamuzi wa kupanda upya tarehe ya kuisha ndiyo yenye thamani, na matangazo ya redio yangeweza kuirudia wakati wa kiangazi cha Januari, pale inapohitajika, kuliko kuiacha kwenye taarifa ya Oktoba.

Kuhusu msimu unaofuata, uzito mkubwa uko kwenye kazi zinazofanyika kabla mbegu haijagusa udongo. Mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa katika kijiji cha jina hilo Dodoma, upana wa sentimita ishirini na ushei na kina cha kama thelathini, yakiwekwa samadi, hukusanya maji ya mvua moja kubwa na kuyashusha pale mizizi ya kwanza inapopita. Matuta yaliyofungwa kwa vizuizi hufanya kazi hiyo kwa jembe la ng'ombe. Kikwazo ni nguvu kazi: kuchimba mashimo ekari nzima wakati wa ukavu ni kazi ya wiki kadhaa, na nyumba yenye watu wazima wawili haiwezi kuyamaliza yote. Kwa nyumba kama hiyo, robo ekari ya mashimo ya mahindi na sehemu iliyobaki ya uwele ni mgawanyo wenye mantiki zaidi kuliko ekari nzima ya mahindi yaliyopandwa kwenye ardhi tambarare, na hupunguza pia kiasi cha mbegu kitakachohitaji kununuliwa tena mbingu zikifunga.